Marehemu wa Kairo

Mama yangu alikuwa amebaki na jicho moja, na hilo nalo lilikuwa linazimika. La kushoto lilikwenda zamani, bua la mahindi lilipomdunga wakati wa kuvuna kule Endebess. La kulia likaanza kuingia ukungu polepole, mpaka akawa anamimina chai mezani na kutugombeza sisi kwamba tumesogeza kikombe. Tukimwambia ana mtoto wa jicho, anasema huo ni ugonjwa wa wazee. Wakati huo alikuwa amepita miaka sabini.

Basi nikasikia redioni kwamba madaktari wanapasua macho bila malipo huko Bungoma, kwenye uwanja wa msikiti. Nikafunga duka langu la mbegu hapa Kibomet, karibu na Kitale, nikaenda kumwambia. Ai! Utadhani nimemtukana.

"Msikitini? Mimi?"

"Mama, wanatibu macho. Hakuna mtu anasilimishwa."

"Na wakinikosea? Nitabaki na nini?"

Hapo akaniweza. Msikiti ulikuwa kisingizio tu. Jicho lile likiharibika, basi, hana lingine la akiba. Lakini mimi hasira zangu ziko karibu, nikampigia kelele kwamba akikaa hivyo hivyo giza litakuja tu, halingoji kuitwa. Tukanuniana siku kadhaa. Halafu asubuhi moja nikamkuta ameketi nje ya mlango, amevaa sare kamili ya chama cha akina mama wa kanisa: blauzi nyeupe, sketi ya buluu, na kitambaa cha kichwa kimefungwa kikafungika.

"Nitaenda hivi," akasema. "Wajue mimi ni wa nani."

Kumbe akina mama wa Kiislamu waliokuwa langoni walifurahi sana kuona amejifunika nywele vizuri. Wakamkaribisha kwa heshima, wakamtafutia kiti cha mbele na chai ya tangawizi. Nilicheka, lakini nilichekea tumboni.

Alitiwa matone ya kupanua mboni, kisha tukapelekwa kungoja kwenye darasa la madrasa. Matone yale hufanya mwanga uchome, kwa hivyo madirisha yalikuwa yamezibwa kwa nailoni nyeusi, ile wafugaji wetu hufunikia chakula cha ng'ombe shimoni. Giza totoro. Tuliketi kwenye mikeka, wagonjwa pamoja na sisi tuliowaleta. Mama alinibana mkono. Akaninong'oneza kwa Kikuyu kwamba amebadilisha nia, nimrudishe nyumbani.

Nilikuwa nafungua mdomo nimkaripie wakati mzee mmoja wa Kabuchai, aliyekuwa amemleta mkewe, alipopiga ukelele.

"Wee! Angalieni ukuta! Balabala iko juu!"

Nikageuka. Jamani, niseme nini? Barabara ya nje ilikuwa ukutani, nzima nzima, na imepinduliwa. Bodaboda zilipita magurudumu yakiwa juu. Mwanamke muuza ndizi alitembea kichwa chini na beseni lake, na hakuna hata ndizi moja iliyoanguka. Mbingu ilikuwa karibu na sakafu, ya buluu kabisa, na wingu dogo linasogea. Hapakuwa na televisheni mle ndani, hapakuwa na waya. Mama mmoja nyuma yangu akaanza kukemea, "Shindwe kwa jina la Yesu!" na humo ni ndani ya madrasa. Mimi sikuweza hata kupepesa.

Daktari akaingia akicheka. Alikuwa binti wa hapo hapo mjini Bungoma, amevaa hijabu na koti jeupe. Akaenda dirishani akatuonyesha kitundu kwenye nailoni, kidogo, cha msumari. Akakiziba kwa kidole, barabara ikapotea. Akatoa kidole, ikarudi na bodaboda zake.

"Si uchawi," akasema. "Mwanga husafiri moja kwa moja. Wa juu ukipita kwa kitundu unaangukia chini, wa chini unapanda juu. Macho yenu ndivyo yalivyo, kila siku. Ubongo ndio hutugeuzia."

Akatueleza kwamba aliyechunguza jambo hili akalieleza sawasawa alikuwa msomi wa Kiislamu wa Kairo, yapata miaka elfu moja iliyopita. Kabla yake watu wakubwa wakubwa, wenye vitabu, walikuwa wanasema jicho ndilo hutoa mwanga ukaenda kugusa vitu, kama tochi. Yeye akaingia chumba cha giza, akatoboa tundu, akatazama, akajaribu tena na tena, akasema hapana, mwanga ndio huja kwetu.

Mtu mmoja akauliza huyo alisomea wapi zamani hizo. Daktari akasema siku hizo Uislamu ulikuwa umeenea kutoka Hispania mpaka kufika Uhindi, na msomi angeweza kusafiri njia hiyo yote na Kiarabu chake mdomoni, akakuta vitabu na watu wa kubishana naye. Kule Baghdadi walikusanya maandishi ya Wagiriki, ya Waajemi na ya Wahindi, wakayatafsiri. Wengi wa watafsiri walikuwa Wakristo, na mmoja wao, tabibu, aliandika kitabu cha macho kilichosomwa karne na karne.

"Wakristo?" Mama akainua kichwa.

"Wakristo, kukhu. Waliketi meza moja na Waislamu, wakalipwa vizuri." Kukhu ni nyanya kwa Kibukusu, na Mama hakulikataa jina. "Tabibu mwingine huko Misri alitumia sindano yenye tundu ndani, akanyonya mtoto wa jicho akamtoa. Baadaye Wazungu wakavitafsiri vitabu kwa Kilatini, wakavisomea. Hata mimi nimesomea kwa vitabu vya Wazungu, ndiyo nikarudi kuwatibu hapa msikitini."

Nilimaliza kidato cha nne, na historia nilikuwa naipenda. Naijua habari ya Wareno mpaka nakinai. Bungoma nimepita mara nyingi nikienda kwa wakwe zangu, nikisikia adhana, na nilichowaza ni kwamba nimechelewa. Haki ya Mungu hakuna aliyewahi kuniambia habari hizi. Nilitazama ule ukuta nikaona aibu na furaha kwa pamoja, nikatamani daktari asinyamaze.

Mama alikuwa bado ameshika mkono wangu, lakini hakuwa ananibana tena.

"Hiyo barabara iko hapo ukutani mpaka sasa?"

"Iko, Mama."

"Mimi naona weusi tu." Akageuza uso kule sauti ya daktari ilikotoka. "Daktari, huyo mzee aliingia gizani kwa hiari yake?"

"Kwa hiari yake, kukhu."

"Kukiwa na jua nje?"

"Jua kali la Misri."

Mama akavuta pumzi, akakaza fundo la kitambaa chake. "Basi na mimi nitaingia," akasema.

Akaingia. Mimi nilibaki kwenye benchi nikiomba maombi yasiyo na mpangilio, nikijilaumu na kumlaumu yule wa redioni. Nikimtoa hapa kipofu, nitamwambia nini? Walipomtoa alikuwa amefungwa bandeji, ametulia. Tukalala kwa wakwe zangu Kabuchai. Asubuhi tukarudi, na binti yule akaifungua bandeji taratibu huku mimi nimejishika mdomo.

Mama akapepesa. Akamtazama daktari kwa muda.

"Kumbe wewe ni mtoto hivi!" akasema. "Ningekuona jana singekubali."

Watu wote walicheka mpaka wakashika mbavu. Mimi nililia bila haya.

Jumapili, kanisani kwetu Kitale, akasimama kutoa ushuhuda. Akasema Bwana asifiwe, tukaitikia. Akasema anamshukuru Mungu kwa uhai wa mzee mmoja wa Kairo aliyeingia gizani kutafuta jinsi macho yanavyoona. Alikuwa Mwislamu, akasema, na sasa ni marehemu, kwa hivyo tusimame tunyamaze kidogo kwa heshima yake. Mchungaji alinitazama mimi, nami nikatazama dari. Lakini kanisa lote lilisimama.

Ibada ilipoisha, mwenyekiti wa kamati ya matanga akaja mbio, akamshika Mama mikono yote miwili.

"Pole sana, mama. Hatukujua mna mtu wenu huko. Mazishi ni lini, tuanze mchango?"

Nilitaka kumweleza, lakini Mama akaniwahi.

"Alishazikwa," akasema. "Ni miaka elfu sasa, na mimi habari imenifikia juzi. Acheni nimlilie kidogo."

Na akamlilia kweli, pale pale mlangoni mwa kanisa, watu wakimpa pole.