Ubeti Uliobaki Kwenye Sinema

Sokoni Uyole mimi hunusa kwanza, bei baadaye. Jana nilinusa santuri kuukuu, na mara nikajikuta mtoto tena, katika duka moja la Iringa, nimeshika kanga ya shangazi.

Mumewe alikuwa amekawia machimboni Chunya msimu mzima bila salamu, akarudi na gramafoni badala ya maelezo. Kisha ikaja sinema ya bure uwanjani, na humo mume mmoja aliimba wimbo wenye ubeti mzima wa kumwomba mkewe radhi. Shangazi akataka santuri ya wimbo huo, mumewe ausikie ubeti ule.

Mwenye duka alitupigia santuri pande zote, mara mbili. Ubeti haukuwamo.

“Mmeukata! Punguza bei.”

“Mama, sinema ina nafasi. Sahani hii ni fupi, wimbo mzima hauenei.”

“Si wangepunguza gitaa, wakaacha radhi?”

Akapunguziwa, akaondoka amenuna.

Jioni tuliipiga nyumbani, shangazi akichambua maharage, kampa mumewe mgongo. Gitaa lilipobaki peke yake, mumewe, kumbe naye alikuwapo uwanjani, akauimba ule ubeti wote, vibaya sana.

“Rudia,” shangazi akasema.

“Santuri?”

“Wewe.”