Zamu ya Jumuiya Ilipofika kwa Devotha

Nyie wasomaji wangu mnanichosha. Nikiandika tu kwamba mtu fulani hamwamini tena Mungu, komenti zinajaa: "Kaokoka wapi?" "Kaolewa na Mwislamu?" "Frimasoni huyo!" Hakuna hata mmoja anayeuliza kama huyo mtu anapata usingizi. Haya, leo tulieni mumsikie Devotha.

Devotha ni fundi simu pale Same mjini. Kakulia juu milimani, Upare Kusini, kwenye mashamba ya tangawizi, Mkatoliki wa kufundishwa: komunyo, kipaimara, kwaya, vyote. Imani ilianza kumtoka siku baba yake, mzee Sifael, alipozikwa bila padri kwa sababu alikuwa hahudhurii sala za jumuiya. Mzee aliyewachimbia makaburi nusu ya kijiji! Devotha akajiuliza, akasoma kwenye simu, akajiuliza tena, mwisho akabakiwa na kitu kimoja tu: mtu anamhitaji mtu. Basi. Lakini msidhani alipumua. Mpaka leo akila bila kufanya ishara ya msalaba anatafuna polepole, anaogopa kupaliwa.

Mwaka huu mama yake, Hedwiga, kapata kiharusi. Mkono wa kulia umekufa, maneno yanatoka nusu. Devotha kafunga kibanda, karudi nyumbani kumwogesha na kumlisha. Na mama ana ombi moja, kila siku lile lile: "Nisizikwe... kama baba'ko."

Sasa, jumuiya yao inasali kwa zamu, nyumba hadi nyumba, Jumamosi asubuhi. Zamu ikafika kwao. Na kwao huko mwenye nyumba ndiye anayeongoza rozari.

Tangu Ijumaa alikuwa anapiga hesabu hii. Akiongoza, anamdanganya mama yake mchana kweupe. Asipoongoza, mama naye atakwenda kaburini bila padri.

Ukungu haujatoka uani, wanawake hao wanaingia. Mwenyekiti, Mama Blandina, akamwekea rozari mkononi.

"Anza, mwanangu. Nasadiki kwa Mungu..."

Devotha akawaamkia tena:

"Shikamooni, mama zangu."

"Marahaba, si ulishatuamkia? Anza."

"Siwezi. Siamini tena."

Mmoja akauliza: "Umeokoka?"

"Hapana, mama."

"Nilisema mimi! Ni yule Abdulmalik, mtoto wa Chande wa Maore. Mtu anasilimu huyu!"

"Abdulmalik namtengenezea simu tu."

"Sasa una dini gani?"

"Sina."

"Hakuna mtu asiye na kitu anachoamini," akasema Mama Blandina. "Msaragambo wa kijiji wa kuzibua mfereji unakuja na jembe wa kwanza, sala unakataa? Mama yako akifa, nani ataenda kumwita padri? Wewe?"

Devotha akamgeukia mama yake. Hedwiga alikuwa analia kwa upande mmoja wa uso. Nimemuua, akawaza.

Kumbe mama alikuwa anaitaka rozari. Akaitolea macho mpaka Devotha akamlazia kwenye mkono wa kulia, ule uliokufa. Wa kushoto ni mzima, lakini huwezi kumwambia mama wa Kipare ashike kitu kitakatifu kwa kushoto. Hedwiga akaanza mwenyewe: "Nasa... diki..." Vidole havisogei. Devotha akapiga magoti, akaushika ule mkono, akawa anamsogezea punje moja moja, mdomo kaufunga, katikati ya Salamu Maria anamfuta mate. Wakaitikia wawili, kisha wengine. Mama Blandina hakuitikia.

Mlangoni akamwambia Devotha, "Jumamosi ijayo tunakaa kikao. Tutaamua kama nyumba hii bado ni ya jumuiya."

Jehanamu Devotha haiogopi tena kama zamani. Anaiogopa Jumamosi. Akimlaza mama yake anasikiliza pumzi, anaomba, sijui anamwomba nani, zisikatike kabla ya kikao, maana kabla ya hapo hakuna atakayekwenda kumwita padri.

Wewe unayesali jumuiya hiyo, najua unanisoma. Wakiuliza, nyoosha mkono useme Hedwiga abaki. Binti mfute ukitaka. Mama mwache.