Salamu Katika Kipindi cha Saa Tatu

Nilimfanyia kazi yule mzee wa redio mwaka mmoja na miezi minne, na simwombi mtu radhi kwa hilo. Watu wetu wa Birmingham wamenisema sana. Wapo walionipita barabarani kama hawanioni, na wapo waliosema hadharani, baada ya ibada, kwamba nimewauza ndugu zangu kwa wazungu. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuniuliza kama nimekula.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Redio yetu ilikuwa ya biashara, ghorofani juu ya ghala moja nyuma ya mtaa wa Digbeth, na kila asubuhi kuanzia saa tatu hadi saa sita mzee huyo alizungumza. Alizungumza juu ya vita, juu ya vyama vya wafanyakazi, juu ya wageni kama mimi, kisha akawakaribisha wasikilizaji wapige simu. Simu hizo zilipitia kwangu kwanza. Niliuliza jina, mtaa na jambo analotaka mtu kusema, nikaandika kwenye kadi, nikampa mtayarishaji wa kipindi, naye akachagua nani aingie hewani.

Kazi hiyo niliipata kwa sababu ya sauti yangu. Kwetu Kenya nilisomeshwa na watawa wa Kiingereza ambao hawakuwa na mchezo. Nilikuja Birmingham kusomea uuguzi, nikashindwa na damu, nikajifunza kupiga chapa. Kwenye simu nilisikika kama binti wa kasisi wa Kiingereza. Wapigaji wa Sutton Coldfield, mtaa wa wazungu wenye nafasi, waliniambia, "Wewe binti unaelewa, hawa weusi wamezidi," nami nikawajibu, "Naelewa kabisa, bwana, subiri kidogo," huku kalamu nimeishika kwa mkono mweusi tititi. Mwanzoni nilicheka. Nikifika nyumbani namsimulia dada, tunacheka wote wawili mpaka chai inapoa. Baadaye kicheko kiliisha, ila kadi niliendelea kuandika.

Kadi hizo zilikuwa na sheria moja ambayo haikuandikwa popote. Mpigaji akiwa na lafudhi ya kigeni, unamwekea nukta nyekundu pembeni. Kadi ya nukta nyekundu inakwenda chini ya rundo, na sijawahi kuona rundo lile likifika chini. Niliambiwa ni kwa faida ya wasikilizaji, wasipate taabu ya kuelewa. Kwa hiyo Mhindi wa kiwandani na Mjamaika dereva wa basi walishikilia simu dakika arobaini, mpaka kipindi kikaisha. Nukta hizo niliziweka kwa mkono wangu, nyingi mno. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Mengine yote waliyonisema hayanigusi.

Sasa niseme dada alikuwa nani. Hatukuzaliwa tumbo moja, wala nchi moja. Yeye alikuwa Mtanzania wa Kagera, nami Mkenya, na tulipanga vyumba viwili katika nyumba moja Northfield tukatumia jiko moja. Mpaka wa nchi zetu ulikuwa umefungwa wakati ule kwa ugomvi wa wakubwa, naye hakuchoka kunitania. "Pita, mdogo wangu, leo forodha wako likizo," alisema, akinisogezea sufuria. Alinizidi miaka kumi na miwili. Alifanya kazi ya kufua mashuka hospitalini, na redio yake ya jikoni aliiacha siku zote kwenye stesheni yetu, eti anisikie, ingawa alijua mimi sisikiki hewani kamwe.

Mwishoni mwa mwaka wa sabini na nane majeshi ya Uganda yaliingia Kagera. Mdogo wake, kitinda mimba wa mama yao, alikuwa mwalimu wa darasa la nne. Aliingia mgambo, akapewa bunduki, akapelekwa mbele. Barua yake ya mwisho aliiandika Novemba. Baada ya hapo kimya. Kila siku dada akirudi kazini aliangalia kwanza sakafuni, chini ya tundu la barua la mlangoni, kabla hajavua koti.

Mzee aliipenda vita ile. Yalikuwa majira mabaya ya baridi. Madereva wa malori waligoma, wazoa taka waligoma, wafua mashuka wa hospitali nao wakafuata, na yeye akapata njia ya kuyafunga yote katika furushi moja. Sisi hapa tunanuka takataka, alisema, na serikali inawapelekea Waafrika misaada wakauane nayo. Siku moja alisema haijalishi nani anamshinda nani kule. Alisema wale si askari, ni kundi linafukuza kundi, na kesho yake hakuna atakayekumbuka hata mmoja wao. Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake. Alipomaliza akanisogezea biskuti. Alikuwa na tabia hiyo, ya kukumbuka biskuti ninazozipenda. Wema wake ulinikera kuliko maneno yake, maana ulinilazimisha kusema asante.

Nilipofika nyumbani dada alikuwa amesimama jikoni na koti lake mwilini.

"Yule mzee wako amesema haijalishi," alisema.

"Nimesikia, dada."

"Wewe si ndiye unaye-connect hizo simu? Basi ni-connect."

"Dada, haitawezekana. Kuna mambo ya nukta."

"Nukta gani tena?"

Nikamweleza. Sikuwahi kumweleza kabla, hata tulipokuwa tunacheka. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza polepole, "Na mimi ungeniwekea?"

Ningesema hapana ningekuwa mwongo, kwa sababu sauti yake nilikuwa nimeshaisikia mara mia katika sauti za wengine, na wote niliwawekea.

"Haya," alisema. "Kula chakula chako." Akaenda chumbani kwake. Sikula. Nilikaa pale nikiwa na hasira ya kuvunja vyombo, na mtu wa kumkasirikia alikuwa mimi.

Wiki mbili baadaye theluji ilianguka usiku kucha, na asubuhi treni hazikwenda. Mtayarishaji alikwama kwao. Mzee alifika kwa sababu aliishi karibu, nami nilifika kwa sababu nilitembea karibu njia nzima kutoka Northfield. Dakika kumi kabla ya saa tatu meneja akaniketisha kwenye kiti cha mtayarishaji. Nipokee simu, nichague, niziingize hewani, na niangalie kitufe.

Hicho kitufe nacho nikieleze. Kila neno la kipindi lilizungushwa kwanza kwenye utepe wa kunasia sauti, likachelewa sekunde saba ndipo likaenda hewani. Mtu akitukana, mwenye kiti anabonyeza, simu inakatika na tusi linafia pale pale. Wasikilizaji hawajui kama kulikuwa na kitu. Kazi yote ya heshima ya redio ile ilitegemea sekunde saba hizo.

Mzee alianza na takataka, akaenda kwenye vyama vya wafanyakazi, akaingia Afrika. Simu zilikuwa zinawaka kwenye ubao. Sikupokea hata moja. Nilichukua laini iliyokuwa wazi nikapiga mimi mwenyewe, nyumbani, kwenye simu ya ukumbini. Dada alikuwepo kwa sababu ya mgomo.

"Dada, uko tayari?"

"Nimekuwa tayari wiki mbili," alisema.

Niliandika kadi: jina lake, Northfield, vita. Sikuweka nukta. Nikamwingiza dada hewani.

Nilitegemea atabishana. Mimi ningebishana. Ningemuuliza yule mzee nani alimvamia nani, nani alivunja daraja la nani, na misaada anayoisema aliiona wapi. Ningemkaanga. Lakini dada alianza hivi, kwa Kiingereza chake cha kufulia mashuka, wazi na bila haraka:

"Habari za asubuhi, bwana. Habari za nyumbani kwako?"

Mzee akacheka. "Nzuri, mama. Hoja yako ni ipi?"

"Na mke wako, hajambo? Theluji hii, mna makaa ya kutosha ndani?"

"Tunayo, tunayo. Mama, watu wanasubiri."

Mzee alinitolea macho kupitia kioo. Nilidhani hofu imempanda dada, au anasahau alichotaka kusema, na mzee ataipata sababu ya kumkata kabla hajafika popote. Kisha akasema, "Ninatuma salamu," na hapo nikaelewa.

Kwetu, upande wowote wa mpaka ule uliofungwa, redio ina kipindi cha salamu. Watu hutuma kadi, mtangazaji anazisoma: fulani wa mahali fulani anamsalimu fulani popote alipo. Redio hiyo hiyo husoma matangazo ya vifo. Jina la mtu wa kawaida hupita hewani kwa njia hizo mbili, hakuna ya tatu. Dada hakuja kubishana na mzungu juu ya siasa. Alitaka jina la mdogo wake lisomwe akiwa hai, na lisomwe kwenye redio ile ile iliyosema hatakumbukwa.

"Ninatuma salamu kwa mdogo wangu," alisema.

"Mama, hiki si kipindi cha salamu."

"Ni mwalimu wa darasa la nne. Anapenda ndizi na maharage, samaki hali. Jino lake moja la mbele limevunjika, alianguka akiwa mdogo, mimi ndiye niliyekuwa namwangalia. Sasa yuko katika vita ambayo wewe ulisema haijalishi. Jina lake..."

Mzee akapitisha kidole shingoni. Kata.

Dada akalitaja jina. La ubatizo, la baba, la babu, kisha kijiji. Hapa siliandiki, kama ambavyo sikuandika la mtu yeyote, na hilo zaidi ya yote si langu kuliandika. Lilikuwa pale kwenye utepe, linazunguka, halijatoka. Mzee akarudia kidole, safari hii amenyanyuka nusu kwenye kiti. Nikaiweka mikono yangu mapajani. Nilipewa sekunde saba za kuamua, na zote saba nilizitumia kumtazama usoni.

Jina likatoka. Likaenda kwenye maghala ya Digbeth, likaenda Sutton Coldfield kwenye majiko ya watu waliozoea kuniambia kwamba naelewa. Dada akalirudia mara ya pili, polepole, kwa ajili ya ambao hawakulishika vizuri. "Popote ulipo," alisema, "sisi hatujambo. Asante, bwana. Umsalimie mkeo." Akakata simu mwenyewe.

Mzee alirudi kitini. Akaashiria matangazo ya biashara, nikaweka la mazulia.

Ubao wote wa simu ukawaka. Wengi walitukana, na mimi niliwapokea kwa sauti yangu ya binti wa kasisi. Mmoja alitaka dada arudishwe kwao kwa ndege ya mchana. Kisha akapiga bibi mmoja wa Northfield, mpigaji wetu wa kila siku, mtu wa kuwachukia wageni na wagomaji kwa kipimo sawa.

"Yule kijana ameandika?" aliuliza.

"Bado, mama."

"Wangu yuko Belfast, jeshini. Naye haandiki." Nikamsikia anapumua. "Haya, mwambie mzee wazoa taka wachapwe viboko."

Niliandika yote mawili kwenye kadi. Mzee alisoma la viboko tu.

Najua mnataka kujua habari za kijana. Barua ilifika mwezi wa tano, imeandikwa na mjomba wao. Alikufa Januari. Asubuhi ile ya theluji, wakati dada anamtajia mzee ndizi na maharage, mdogo wake alikuwa ardhini zaidi ya mwezi, na sisi hatukujua. Tulilia jikoni wawili mpaka jirani akagonga ukuta, nami nikamgongea zaidi. Dada hakujuta kupiga ile simu, nami sitamruhusu mtu aniambie ilikuwa bure. Maelfu ya watu wa mji huu walimjua kama mtu anayeishi, mwenye jino lililovunjika.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Siku ile ile, saa nane mchana, meneja aliniita ofisini. Mzee alikuwa pale, amesimama dirishani, hakugeuka. Meneja hakuwa mtu mbaya, na nadhani alitaka kuniokoa.

"Kile kitufe," alisema, "nasikia kina hitilafu. Baridi hii."

"Kizima," nikasema.

"Labda hukuona ishara. Kioo kilikuwa na ukungu."

"Niliona. Mara mbili."

Akavua miwani. Alikuwa na barua ya kuachisha kazi mbele yake, jina langu limeshapigwa chapa juu, na kalamu ilikuwa bado haijafunguliwa. "Basi kwa nini hukukata?"

Yule mzee wa dirishani akageuka kunitazama.

"Nilikuwa nasikiliza," nikasema.