Abiria Asiyedidimiza Tairi

Wengine wakisimulia mambo haya huanza kwa kuapa. Mimi siapi. Mimi ni fundi wa pikipiki, Kibeta hapa Bukoba, na nitakueleza kitu nilichokisikia kwa kiuno changu mwenyewe. Ukiamini sawa, usipoamini endelea na shughuli zako. Lakini kilitokea. Kilitokea mchana, na sikuwa nimeonja hata tone la rubisi, pombe yetu ya ndizi, maana najua hilo ndilo utakaloniuliza kwanza.

Inabidi uielewe pikipiki yangu, la sivyo hutaelewa lolote. Niliikata mwenyewe. Nilitoa shokapu zote mbili za nyuma, nikachomelea vyuma mahali pake, mkia ukawa mgumu kama kitanda cha jela. Nikashusha kiti, nikaacha kimoja tu, cha dereva, nikakiwekea springi mbili fupi chini yake. Madigadi ya nyuma, ile ya kuzuia tope la tairi, nikaikata ikabaki kipande. Inapendeza, usinibishie. Vijana wa kijiweni huiita Vunja Kiuno, na wanapoiita hivyo huwa wanaipiga picha.

Kwenye lami haina shida. Inalala chini, inashika kona vizuri, na unaisikia barabara yote kwenye makalio. Kwenye vumbi ndiyo utaijua. Kila jiwe unaletewa lilivyo. Ukikuta rasta, ile mikunjo ya barabara ya vumbi, tairi la nyuma linarukaruka badala ya kukanyaga, na ukishika breki katikati ya kona linakwenda linakotaka lenyewe. Kwa hiyo mimi hupunguza upepo kidogo, tairi lipate kunesa, na penye mashimo najiinua kwenye vikanyagio. Abiria sipakii. Nitampakia wapi? Juu ya madigadi? Mtu mzima akikaa pale tairi linadidimia, mbele panakuwa pepesi, na kwenye mlima usukani unayumba kama mlevi. Shika hilo, ndiyo kesi yenyewe.

Siku hiyo nilitoka Ngenge. Mwalimu mmoja wa huko alikuwa ameiona pikipiki yangu kwenye simu ya mtu, akataka nimkatie ya kwake namna hiyohiyo. Nikaenda nikaipanda ya kwake, nikaiona njia anayopita kila siku kwenda shuleni, nikamwambia ukweli: mwalimu, kwa njia hii utazeeka kabla ya mkeo. Alinuna. Nikaaga, nikageuza kurudi Bukoba. Mvua ilikuwa imenyesha na kukatika, barabara nyekundu, tope jepesi. Ilikuwa kama saa kumi alasiri.

Nikiwa napanda kuelekea Ijumbi, kwenye kona moja yenye miti ya mikaratusi, nikamkuta mwanaume amesimama. Umri kama wangu. Shati la mistari, suruali ya kazi, peku. Akanyoosha mkono. Nikasimama nimweleze tu kwamba sipakii, kwa sababu si uungwana kumpita mtu kimya kwenye njia ya upweke namna ile.

"Ndugu, hii haina kiti," nikamwambia.

"Naona," akasema. "Nitakaa hapo kwenye chuma. Ni hapo Ijumbi tu. Mama yangu yuko peke yake."

"Utaumia."

"Siumii, waitu," akanijibu kwa heshima ya Kihaya.

Nikamwonea huruma, nikamwambia apande na akiona nyota asinilaumu. Akapanda. Na hapo ndipo jambo lilipoanza, ingawa sikulijua. Niliweka gia nikisubiri mkia uzame. Haukuzama. Nikafikiri, basi huyu ni mwepesi, njaa hii. Tukaondoka.

Niamini, hatukumaliza hata kona mbili nikajua kuna kitu hakiko sawa. Rasta zilikuwepo, naziona kwa macho, lakini kiunoni sizisikii. Jiwe likapita chini ya tairi, kimya. Shimo, kimya. Ilikuwa kama nimefungiwa shokapu mpya za gari dogo. Mimi niliyeikata ile fremu kwa mikono yangu! Usukani haukuyumba, mbele hapakupepesuka, na huku nina mtu mzima mgongoni ananisemesha. Je, wewe ungefanya nini? Mimi nilifanya anachofanya fundi yeyote: nikaanza kutafuta sababu. Labda upepo umepungua zaidi. Labda tope limelainisha njia. Fundi haogopi mpaka amalize sababu zote.

Hakusema mengi. Alisema mama yake amezaa mabinti watatu na yeye peke yake wa kiume, na mabinti wote wameolewa mbali, mmoja Geita, wengine hata hajui wako wapi. "Mama hana wa kumzika," akasema. Alisema kama mtu anayesema mama hana kuni. Nikamwambia, si wewe upo?

Tulipokaribia kwao akaniomba nisimame kwanza. Akashuka, akatoa mfukoni kifurushi cha jani kavu la mgomba. Ndani mna akamwani, zile kahawa zetu za kutafuna. Ukifika kwa Mhaya utapewa hizo kabla ya kupewa maji, si jambo la kushangaa. Akachukua tunda moja, akalipasua kwa kucha, punje moja akatia mdomoni mwake, ya pili akanipa. Nikaitafuna. Nilikuwa nimechoka, nina njaa, na akili yangu yote iko kwenye tairi la nyuma.

Sasa wewe ambaye si wa huku, nikueleze nilichofanya. Mgeni hupewa tunda zima. Tunda likipasuliwa katikati, punje moja kwako na moja kwangu, hiyo ni omukago. Ni undugu wa kula kiapo. Zamani wazee walizipaka punje na damu yao, siku hizi wengi hawafanyi kabisa, lakini hata mtoto wa shule ya msingi Muleba anajua kwamba kahawa iliyopasuliwa haipokelewi ovyo. Ndugu wa omukago mama yake ni mama yako. Msiba wake ni msiba wako. Hata kwetu nyumbani, Walutheri wa kwenda kanisani kila Jumapili, jambo hilo hakuna anayelichezea. Na mimi niliitafuna punje ile kama karanga za kituoni.

"Kasinge, waitu," akanishukuru. "Tangulia uani. Mwambie mama nimefika."

Nikaisukuma pikipiki kwenye kinjia cha kibanjani, lile shamba la kuzunguka nyumba, migomba huku na huku. Mama alikuwa uani anamenya ndizi, mtu mzima sana lakini mkono wake mwepesi. Nikamwamkia, nikamwambia, mama, nimemleta kijana wako, anakuja nyuma.

Hakushtuka. Aliniangalia, kisha akaniambia nigeuke. Nikageuka. Akacheka kidogo, kicheko kibaya.

"Ulikuja naye amekaa nyuma yako?"

"Ndiyo, mama."

"Mbona mgongo wako umejaa tope?"

Nikavua koti. Tope lilikuwa limepanda mstari mmoja kutoka mkiani mpaka kwenye kola. Madigadi yangu ni kipande, nilikwambia. Nikipanda peke yangu kwenye tope, tairi hunipaka hivyohivyo. Lakini mtu akiwa amekaa juu ya lile tairi, tope linampaka yeye. Linapita wapi kunifikia mimi? Hapo sababu zangu zote za kifundi ziliisha. Niliogopa. Sikuficha, nilikaa chini palepale kwenye maganda ya ndizi.

Mama akaniambia mwanawe alikufa kwenye ile kona ya mikaratusi. Alikuwa na pikipiki, amebeba mikungu, akashika breki kwenye rasta. Walimzika hapo kibanjani. Alisema mimi si wa kwanza kusimamishwa. Wengine hufika uani, wengine huruka wakakimbia njiani. Kisha akasogeza kisu pembeni na kuniuliza swali ambalo mpaka leo nikilala nalisikia.

"Kahawa alikupa nzima au alipasua?"

Ningeweza kusema nzima. Nani angejua? Lakini punje ilikuwa bado kwenye jino.

"Alipasua," nikasema.

Yule mama akalia. Si kilio cha msiba, ni kile cha mtu aliyetua mzigo. Alisema hao wengine wote waliofika uani walipewa nzima. Akanishika kichwa kwa mikono yake yenye utomvu wa ndizi, akaniita mwana wange, yaani mwanangu. Nikasema, mama, mimi nina mama yangu, yuko hai, yuko Kibeta. Akasema hilo haligombani na hili.

Basi ndivyo nilivyo sasa. Kila mwisho wa mwezi naenda Ijumbi. Napeleka sukari na chumvi, naziba bati, nakata migomba iliyozeeka. Mke wangu mwanzoni aliniuliza hiyo nyumba ndogo ina umri gani, nikampeleka akaione, tangu hapo haulizi, na safari nyingine ananifungia mwenyewe mzigo. Mchungaji aliniambia niombe. Nimeomba. Mabinti wa yule mama nimewatafuta kwa simu mpaka nikawapata wawili, na wote wamesema neno moja: afadhali upo. Unaona? Watu wamenikabidhi mama yao, na ninampenda yule bibi, sitadanganya. Ana mdomo mkali na anajua kupika.

Lakini safari iliyopita alinishika mkono akanipeleka nyuma ya nyumba. Akanionyesha kaburi la mwanawe. Akanionyesha nafasi yake mwenyewe, kando ya hapo, ameshaing'oa migomba. Nikamwambia, mama, usiwe na wasiwasi, nitakuzika vizuri. Akaitikia. Halafu akasogea upande wa pili wa kaburi la mwanawe, akasafisha majani kwa mguu, taratibu, kama mtu anayemtandikia mgeni.

"Na hapa ni pako," akasema. "Ndugu hawalali mbalimbali."

Baba yangu ana kibanja chake, na kwetu mtu huzikwa kwenye kibanja cha ukoo wake. Kaka zangu wanajua nitalala wapi. Sijawaambia, na sijui nitaanzaje.

Kwa hiyo wewe unayepita njia ile, msaidie mtu, sikukatazi. Ila akikushukuru kwa kahawa, angalia mikono yake. Kahawa ikiwa nzima, pokea, tafuna, nenda zako. Akiipasua, sema unaumwa jino, sema umefunga, sema lolote litakalokuja mdomoni. Mimi sikusema, na yule bibi ameshaipalilia nafasi yangu.