Neno la Harlan Kwenye Karatasi Nyeupe

Harlan Stuckey aliuawa mara tatu katika filamu moja. Mwaka 1958 watu wa sinema walikuja mjini kwetu Dry Fork, Arizona, kupiga picha ya sherifu na majambazi, wakaishiwa watu wa kufa. Harlan, fundi wa viatu vya farasi, akapigwa risasi mlangoni mwa kanisa, akainuka, akabandikwa masharubu, akauawa tena darajani. Mwisho akabanduliwa masharubu, akafia mbele ya duka la matandiko ya farasi kwa sura yake mwenyewe.

Kila Septemba tunafanya gwaride la filamu hiyo. Sheria ni moja: aliyesema chochote ndani yake, hata "shikamoo", anapanda gari la farasi. Waliokufa kimya wanatembea nyuma. Farasi wako mbele, na mnajua wanachoacha njiani.

Harlan ametembea humo miaka thelathini. Sasa ana sabini na sita, na goti la kushoto limemsaliti.

"Mimi nilikuwa na neno langu!" husema. "'Sherifu, farasi huyo si wake!' Walilikata."

"Walikata na akili," hujibu Opal, mkewe, huku akimpaka dawa gotini.

Mwaka huu ndipo skripti ya filamu ilipopatikana, ndani ya sanduku la marehemu mpishi wa wapiga picha wale. Verna Tuttle, mwenyekiti wa gwaride, akatuita ukumbini Jumamosi asubuhi: filamu ukutani, skripti mapajani, pai ya tufaha mezani.

Tatizo ni kwamba skripti ikibadilishwa, kurasa mpya huchapwa kwenye karatasi ya rangi nyingine, za zamani zikatupwa. Mpishi hakutupa hata moja. Ukurasa wa themanini na nane ulikuwepo mara tatu.

Opal akasoma mweupe, wa kwanza kabisa. "Fundi: Sherifu, farasi huyo si wake. Anapigwa risasi."

"Nilisema nini mimi?" Harlan akajipiga goti kwa furaha. Lile lile bovu. Akajuta.

Verna akasoma wa bluu. "Fundi: Sherifu, farasi huyo ni wangu. Anapigwa risasi."

"Ala! Kumbe mwizi ni wewe, mzee?" akadakia Dewey Pruitt, anayeigiza sherifu kwenye gwaride.

Kisha wa rangi ya waridi, wa mwisho. "Fundi anafungua mdomo. Anapigwa risasi."

Tukatazama ukutani. Mbele ya duka la matandiko, Harlan kijana akafungua mdomo. Sherifu akafyatua. Pa! Chini.

"Mmeona? Alitaka kusema!" Opal akasimama.

"Alitaka kupiga chafya," akasema Dewey.

"Gwaride ni la filamu, si la karatasi," akasema Verna.

"Na filamu ilitoka wapi, Verna, kwenye zizi la ng'ombe?" akauliza Opal.

Mimi nimesoma kurasa zote tatu mara mbili na hadi leo sijui farasi alikuwa wa nani. Bila kujua hilo, huwezi kujua kama sherifu wetu wa filamu, mwenye sanamu mbele ya posta, ni shujaa au muuaji. Pai ikaisha, hoja haikuisha. Mwishowe tukapiga kura: Harlan apande gari hadi pale anapokufa, kisha ashuke atembee na maiti wenzake.

Hakuna aliyekumbuka kwamba anakufa mara tatu.

Basi siku ya gwaride akashuka kanisani, akalala chini, akainuliwa, akabandikwa masharubu, akapandishwa tena. Akashuka darajani, akafa, akapandishwa. Maiti halisi wangekuwa wameshaomba likizo. Mbele ya duka la matandiko akashuka mara ya tatu, akaweka goti sawa, akafungua mdomo.

Dewey, mtu wa kufuata filamu, akafyatua. Pa!

Harlan hakuanguka.

"Subiri, we Dewey! Mimi niko kwenye karatasi nyeupe!"

Dewey akatazama bastola yake, akamtazama Verna. Verna akatazama angani. Wageni wakashusha kamera.

"Sherifu," akasema Harlan, taratibu, kila mtu akasikia, "farasi huyo si wake."

"Ni wa nani, sasa?" akauliza Dewey, na bastola imemshuka kabisa.

Harlan akafikiri sana.

"Hawakuniambia," akasema, akarudi kupanda gari.