Kadi ya bima imelipa kila kitu

Leo nimemwonea wivu mtu asiye na bima.

Malaria imenipeleka hospitali hapa Diani. Nimetoa kadi ya kazini, nikatundikiwa dripu, na sikudaiwa hata shilingi.

Kwa hiyo sikuwa na haja ya kumpigia mtu simu. Sikumpigia.

Kwenye kitanda cha jirani alilala mzee mkulima wa Mkongani. Malaria hiyo hiyo, dripu hiyo hiyo. Yeye hana bima.

Basi wakaja watu wake kumchangia. Wakwe, majirani, mpaka mmoja aliyeuza kuku asubuhi. Wanakusanya huku wanamtania, mgonjwa anawaomba wanyamaze, mbavu zinamuuma kwa kucheka.

Mimi nikageukia ukuta.

Mkewe akanigusa bega. "Mwanangu, watu wako wako wapi?"

Nikamjibu, "Nina bima, mama."

Jibu gani hilo, jamani?

Akanimenyea chungwa. Nami nikatuma mchango wangu, wakaniingiza kwenye kundi lao la simu.

Sasa niko chumbani kwangu. Kundini mtu ameuliza, "Yule kijana wa kitanda cha jirani amefika salama?"

Nimejibu kwamba nimefika.

Nangoja waniulize kama nimekula.