Fundi wa Magita Apelekwa Ukweni
Fundi wa magita hapiti penye mbao bila kuigonga kwa kidole kilichokunjwa na kuitegea sikio: meza, kabati, hata kitanda cha hospitali alipolazwa. Siku mchumba wake alipompeleka kwao kumtambulisha, alianzia mlangoni. Ngo, ngo. "Karibu!" mama akaitika. Akagonga chini kidogo. "Karibu, jamani!" Akagonga pembeni. Mchumba akatamani ardhi ipasuke immeze. Mama alipoufungua mlango kwa hasira, mkwe mtarajiwa aliingia sikio likitangulia. "Baba, wewe ni mgeni au daktari?" "Samahani, mama. Mlango huu wa mbao ya mninga una sauti tamu, unatosha magita mawili." Mama akaugonga mwenyewe, akasikiliza, akatabasamu. "Binti nitakupa," alisema. "Mlango wangu, sahau."